Chupa Isiyo na Barua

Kiwandani, 4 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Wageni wako wamekuja na wameondoka. Siku mbili nzima wametembea humu na helmeti nyeupe ambazo hazijawahi kuona vumbi, wakipiga picha kila kitu mpaka choo cha zamu ya pili. Sisi tulikuwa tunafagia tangu Jumapili. Mtunza stoo alipaka chokaa hata mawe ya njiani, nikamwambia asipoangalia atampaka na mlinzi wa geti, maana naye huwa hasogei.

Mkuu wao, yule mrefu mwenye sauti ya chini, alichungulia tanuru kwenye tundu la upande wa magharibi akiwa na kioo cheusi usoni. Akakaa pale kimya dakika nzima, pengine mbili. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayepiga soga mbele ya moto ule hana adabu. Halafu akauliza, kupitia kijana wao wa kutafsiri, joto ni kiasi gani. Nikatazama rangi ya moto nikamwambia elfu moja mia tano na arobaini. Akatoa kipimo chake: arobaini na mbili. Watu wa zamu walishangilia kama tumefunga goli. Basi na wao wajue kwa nini humu ndani naitwa Jicho. Waliuliza pia habari za kuta, nikawajibu, wakaandika.

Sasa sikiliza. Serikali imeamua kuuza viwanda vyake, sawa, hilo lilishapita. Lakini sisi wafanyakazi tuligawiwa hisa, na bila sisi kukubali mwekezaji hapati kitu. Kura ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tuko watu mia nne na kumi na wawili, na wengi wao wananisubiri mimi nikohoe ndipo wajue waelekee wapi. Wewe unakaa chumba kimoja na hao wanunuzi, unatafsiri kila neno lao. Nataka neno moja tu: tanuru wataliacha liwake, au watalizima?

Nakukumbusha, maana umekaa mjini siku nyingi: tanuru la kuyeyushia kioo si jiko la chai. Likizimwa, kioo kinaganda tumboni mwake, kuta zinapasuka, na bila pesa za kulijenga upya hapo ndio mwisho wa kiwanda. Baba alilitumikia miaka ishirini na saba. Mimi nina kumi na tisa. Mkwe wangu sasa ana mitatu, na binti yangu ana mimba ya miezi mitano. Hilo ndilo ninalouliza.

Na usinitumie tena sweta. Ile ya mwaka juzi nilimpa mlinzi. Mtu aliyezeekea mbele ya tanuru hajui baridi inaingilia wapi.

Kaka yako,
Jicho


Hotelini, 9 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la chupa, ikiwa na alama ya kidole chenye grisi. Tuendelee hivyohivyo, kwa dereva. Simu zetu zinakusanywa mlangoni kila asubuhi, na hata nikirudishiwa yangu jioni siiamini tena.

Unaniuliza neno moja, na ndilo hasa nisiloruhusiwa kulitoa. Siku ya kwanza nilitia saini kwamba ninayoyasikia chumbani yanabaki chumbani. Mkalimani akivujisha haitwi tena popote, na anaweza kushtakiwa. Humu kuna mwanasheria ambaye naona kazi yake yote ni kututazama midomo.

Nakaa kati ya watu wa wizara na watu wa mwekezaji. Zulia ni zito hadi viatu havisikiki. Nasema "mimi" kutwa nzima na huyo mimi si mimi. Jana nilisema "mimi nimefurahi sana" mara saba na sikuwa nimefurahi hata mara moja. Ulinibandika jina la Kasuku nikiwa na miaka sita kwa sababu nilirudia kila alichosema mama. Leo nalipwa mshahara kwa tabia ileile.

Nakuomba kitu kimoja tu: usikohoe mapema. Subiri. Nitatafuta namna.

Mwambie binti asinyanyue ndoo. Na sweta nitaendelea kutuma, kwani nani alikuambia mlinzi hasikii baridi?

Mdogo wako


Kiwandani, 14 Machi

Kasuku! Kasuku wa baba na mama!

Alhamisi dereva alinipa kifurushi chako. Taulo la hoteli (mama angekucharaza kwa wizi huo), na ndani yake chupa ya maji, tupu, safi. Hakuna barua. Nikalikung'uta taulo, hakuna hata kijikaratasi. Nikaigeuza chupa nikasoma kitako: nyota yenye pembe nne, na tarehe ya mwezi uliopita. Chupa ya kwao hao wanunuzi. Nikasimama pale getini nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama mimi ni mzima.

Na mimi niliyedhani umesahau kazi ya nyumbani kwenu! Unamkumbuka yule mtu wa kampuni ya soda enzi za baba? Alikuwa akifika getini, anaweka chupa moja juu ya meza ya mlinzi, anaondoka bila kusema neno wala kuacha barua. Baba anaipeleka kwa fundi wa kalibu achonge umbo lake la chuma, na mwezi unaofuata tunaanza kutengeneza. Chupa isiyo na barua maana yake ni moja, tangu kiwanda kijengwe: nitengenezeeni kama hii. Umekula kiapo usiseme, na kweli hukusema. Umeleta oda!

Leo nilipanda juu ya meza ya kantini nikainyanyua chupa hiyo kwa mkono mmoja. Sikulitaja jina lako, tulia. Nilisema tu imetoka kwa wanunuzi wenyewe, na wote wanajua maana yake. Kelele zilizopigwa pale hujawahi kuzisikia. Waliokubali ni mia tatu sabini na mmoja. Waliokataa ni arobaini na mmoja, wakiongozwa na fundi wa kalibu, ambaye amekataa kila jambo tangu azaliwe.

Nimefurahi, mdogo wangu. Nilikuwa na hofu ambayo sikukuambia, na leo imeniachia kidogo.

Jicho


Hotelini, 16 Machi
(Barua hii haikutumwa.)

Kaka yangu,

Si oda. Ile chupa si oda.

Niliipeleka ili uone kwamba chupa wanazo. Zinatengenezwa kwao, kwa matanuru yao, na wanazo nyingi kupita wanavyoweza kuziuza. Nilidhani utageuza kitako, utaona nyota na tarehe, utajiuliza watu wenye chupa zao wanatafuta nini kwetu. Nikadhani Jicho ataliona hilo kabla hata ya kulifungua taulo lote. Yule mtu wa soda nilikuwa nimemsahau kabisa. Miaka kumi na mitano nimekaa na maneno, nikasahau kwamba huko kwetu chupa yenyewe ni neno.

Kiambatanisho cha nne cha mkataba kinasema tanuru litazimwa ndani ya siku tisini baada ya kukabidhiwa. Majengo yatakuwa ghala la chupa zao. Hawanunui kiwanda, wananunua wateja wetu. Nimekisoma kwa sauti mimi mwenyewe, kwa lugha mbili, na sauti yangu haikutetemeka, na ndiyo maana wananisifu.

Umepanda juu ya meza na chupa yangu mkononi. Nikikuambia sasa, itabidi upande tena uwaambie uliwadanganya. Kura haifutiki. Utakuwa umepoteza kiwanda na heshima yako siku moja.

Siwezi. Lazima kuwe na namna nyingine.


Hotelini, 16 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimesikia matokeo. Hongera. Usiahidi watu zaidi ya hapo kwanza, mkataba bado haujasainiwa. Kazi ni nyingi, nitaandika.

Mdogo wako


Hotelini, 2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Leo nina neno na ninaruhusiwa kulitoa, kwa kuwa litatangazwa kesho. Imeandikwa kwenye mkataba: tanuru litaendelea kuwaka kwa miaka miwili, na hakuna atakayeachishwa katika muda huo. Miaka miwili, kaka. Wakivunja wanalipa fidia kwa kila mfanyakazi. Mtu wa wizara ametoka chumbani kifua mbele kama aliyeshinda vita.

Kuna sharti moja dogo. Wanataka cheti kutoka kwako, fundi mkuu wa tanuru, kwamba tanuru ni zima na linaweza kuwaka miaka hiyo miwili kwa usalama. Kikionekana cha uongo, kipengele chote kinakufa. Lakini hilo kwako si kitu. Tia saini tu, umpe dereva.

Nimelala vizuri leo kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Mdogo wako


Kiwandani, 6 Aprili

Kasuku,

Cheti hicho hapo, nimesaini. Miaka miwili! Mkwe wangu alinibeba begani kama gunia.

Watu wananiuliza kalibu za ile chupa ya nyota zinakuja lini. Nawaambia zipo njiani. Ziko njiani, siyo?

Jicho


Kiwandani, 21 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mume wa binti wa kaka yako. Hatujawahi kuandikiana, na nisingekuandikia leo kama ningekuwa na mwingine wa kumwendea. Tafadhali usimwambie baba mkwe kwamba imetoka kwangu, ingawa atajua.

Ndani ya bahasha kuna karatasi aliyonipa tarehe sita Aprili. Aliniambia niisome halafu niitupe tanuruni. Nilikwenda hadi kwenye mlango wa moto nikarudi nayo mfukoni. Isome kwanza:

"Mkwe wangu. Leo nimesaini kwamba tanuru ni zima. Wewe unajua na mimi najua. Ukuta wa mashariki umelika. Matofali yaliyokuwa na unene wa mkono mzima sasa hayafiki kiganja. Lilijengwa upya miaka tisa iliyopita, si sita kama nilivyowaambia wageni. Yale makreti niliyopanga upande ule siku waliyokuja usiyaondoe. Feni mbili ziupulizie ukuta mchana na usiku, zisizimwe hata dakika moja. Hewa ikiupoza, kioo kinaganda kwa ndani na kujiziba chenyewe. Tukiwa makini tutafika. Watu wamenifuata mimi, siwezi kuwaangusha. Mkeo asijue."

Shangazi, feni sasa ni nne. Wiki iliyopita niliona tofali limekuwa jekundu kwa nje, saa sita mchana, ukubwa wa sahani. Nilipomwita alisema jicho langu bado changa. Alisema hivyo lakini yeye mwenyewe hakuondoka pale mpaka zamu ilipokwisha. Siku hizi anakula chakula palepale, amekaa juu ya kreti, na mtu mwingine akisogea anamfokea.

Ukuta ule ukifunguka, kioo kitatoka kama uji, na upande ule ndio tunapopita watu kumi na wanne. Nilitaka kukuandikia kwamba mimi siogopi. Naogopa. Mtoto anazaliwa mwezi wa saba.

Mwambie wewe. Anakusikiliza, ingawa hakubali kwamba anakusikiliza.

Mkwe


Hotelini, 24 Mei

Kaka,

Sina salamu leo. Zima tanuru. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla hujaendelea: zima tanuru.

Najua habari ya ukuta wa mashariki. Usiulize nimejuaje, na usimguse aliyeniambia, amefanya alichopaswa kufanya mtu mzima. Sasa nakuambia yangu, ili usibaki kufikiri kwamba unalinda kitu.

Ile chupa haikuwa oda. Niliituma kukuonya kwamba chupa wanazo na hawahitaji za kwetu. Mpango wao tangu mwanzo ulikuwa kuzima tanuru ndani ya siku tisini na kufanya hapo pawe ghala. Hakuna kalibu iliyo njiani. Haijawahi kuwepo. Nilijua siku uliyoandika kwamba umepanda juu ya meza, na nikakupongeza. Barua ya kukuambia ukweli niliiandika siku hiyohiyo, na ninayo hapa kwenye mkoba.

Na ile miaka miwili ni uongo wangu. Mtu wa wizara alisema, namnukuu: "Tungependa, ikiwezekana, tanuru liendelee kwa muda." Mimi nikawaambia wanunuzi: "Tanuru liendelee miaka miwili, la sivyo hatusaini." Wakatoka nje. Nikapanga karatasi zangu upya ili mwanasheria asinione uso. Waliporudi, yule mrefu akasema wanakubali, ila wapate cheti cha fundi mkuu. Nikamgeukia mtu wa wizara nikamwambia: "Wao wenyewe wanapendekeza miaka miwili." Alifurahi sana. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazungumza.

Nilifanya hivyo kwa ajili yako, na nilidhani nimekuokoa. Kumbe nimekufunga miaka miwili karibu na ukuta mbovu, wewe na mkwe na wale wengine. Ningejua ningekata ulimi wangu kwanza. Na wewe kwa nini hukuniambia? Uliniandikia una hofu ambayo hukuisema. Ungeisema!

Achana na cheti. Achana na mia nne. Watu waliofukuzwa kazi wanaweza kukutukana, na wakikutukana ujue wako hai. Zima.

Mdogo wako


Kiwandani, 26 Mei

Kasuku,

Barua yako ilifika jana saa nne asubuhi. Tanuru nilikuwa nimelizima saa tatu.

Sikulizima kwa sababu yako, nakuambia ili usijipe sifa. Saa mbili na nusu feni moja ilikufa. Mkwe akaenda kubadilisha mkanda wa feni hiyo, na mimi nikaona juu ya kichwa chake tofali limetoka kwenye wekundu, limeingia rangi ya chungwa. Nikamwambia toka. Akasema, "Baba, wewe ukitoka ndipo na mimi nitoke." Mkaidi kama binti yangu, sijui wameambukizana lini. Nikamwambia tena, nikamtukana, nikamshika shati. Hakutoka.

Basi nikaenda kwenye vali ya mafuta nikaifunga. Inazunguka mara kumi na moja. Sikuwahi kujua idadi hiyo, maana hata lilipojengwa upya aliyeifunga alikuwa mwingine. Wakati ule mngurumo ulipokata, watu walitoka kila upande, hata makarani, wakasimama. Wengine hawakuwahi kusikia kiwanda hiki kikiwa kimya. Fundi wa kalibu alivua kofia.

Hakuna aliyeumia. Kioo tulichoweza kukimwaga tumekimwaga, kilichobaki kinaganda. Nakuandikia nikiwa mbele yake. Kuta zinapasuka moja moja, ta, kimya, ta.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuchukia. Mara ya pili nilijichukia mwenyewe. Mara ya tatu nilikuona ukiwa na miaka sita, umesimama nyuma ya mama unarudia maneno yake, na nikacheka, halafu nikalia, mbele ya watu, na sikujali.

Wanasheria wao wamefika leo. Sijui walipanda nini kufika haraka namna hiyo.

Jicho


Mjini, 8 Juni

Kaka, shikamoo.

Nimeacha kazi kabla ya kuachishwa. Nimesikia wametangaza kwamba cheti kilikuwa cha uongo, kwa hiyo kipengele cha miaka miwili kimekufa, na fidia imekufa pamoja nacho. Niko tayari kwenda wizarani kueleza nilivyotafsiri. Pengine mkataba utafunguliwa upya. Nikifungwa nitafungwa.

Kuna jambo lingine nililolijua siku ya kuagana, na sijui kama nikuambie. Tumefichana vya kutosha, nakuambia. Yule mrefu hakuanzia kwenye suti. Mwenzake aliniambia kwa fahari kwamba huko kwao alikuwa fundi wa tanuru la kioo kwa miaka kumi na minane.

Nijibu. Hata kwa matusi, nijibu.

Mdogo wako


Ghalani, 19 Julai

Mdogo wangu Kasuku,

Mtoto amezaliwa, wa kike, tarehe kumi na moja, ana mapafu ya mpiga debe. Mama yake mzima. Baba yake anatembea kama yeye ndiye aliyejifungua. Wamempa jina lako la kweli, si hili la ndege.

Wizarani usiende. Nakukataza, na kwa mara moja maishani nisikilize. Yule mtu wa wizara ameshapandishwa cheo kwa mkataba uleule, atakutupa ndani ili asishuke, na hakuna tofali litakalorudi mahali pake.

Watu niliwaambia. Nilipanda juu ya meza ileile. Nilisema chupa niliielewa vibaya, na ukuta niliujua, na cheti nilisaini mwenyewe. Aliyeituma sikumtaja na sitamtaja. Wengine waliondoka bila kunitazama. Mmoja alinitemea mate, na alikuwa na haki, nilimfundisha kazi mwenyewe. Fundi wa kalibu aliniuliza, "Chupa uliigeuza?" Nikasema niliigeuza. Akasema, "Na mimi ningeisoma hivyohivyo." Akaenda zake. Nilimdharau yule mtu miaka kumi na tisa.

Sasa habari ya yule mrefu. Nilipoisoma barua yako nilikaa chini. Kasuku, ukichungulia kwenye tundu la magharibi, unachokiona mbele yako kwa ndani ni ukuta wa mashariki. Mimi nilipanga makreti kwa nje nikaona nimeuficha. Nilidhani ni mtu wa fedha tu, moto utampofusha. Alisimama pale dakika mbili akiusoma ukuta wangu tofali kwa tofali, na mimi pembeni namsifu kwa adabu. Kwa hiyo uliposema miaka miwili alijua itaishia wapi. Alichohitaji kilikuwa saini yangu. Wewe ulidhani ni wewe peke yako unayezungumza mle chumbani, na mimi nilidhani ni mimi peke yangu mwenye jicho.

Alikuja wiki iliyopita. Tanuru limeshabomolewa na jengo limejaa chupa za nyota hadi darini. Alinifuata nilipokuwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema neno moja la lugha yao. Sikuhitaji mkalimani. Alikuwa ananishukuru.

Halafu, kupitia kijana wake, akanipa kazi ya kutunza ghala, kwa kuwa hakuna anayeijua milango ya humu kuliko mimi. Nilitaka kumtupia kreti. Nikamfikiria yule mtoto na baba yake asiye na kazi. Nimekubali. Nitukane ukitaka, wenzako wamekutangulia.

Napokea malori asubuhi, nasaini, nafunga milango. Palepale lilipokuwa tanuru ndipo wameniwekea meza. Sakafu ni mpya, ya saruji, na upepo unaingia kwa mlango wa mashariki walioutoboa kwa ajili ya malori. Juzi vidole vilikufa ganzi nikashindwa kushika kalamu. Nilijiona naumwa. Mlinzi ndiye aliyeniambia, "Mzee, hiyo ni baridi tu." Alikuwa amevaa sweta yangu, na nikaona aibu kuidai.

Kama bado unayo nyingine, nitumie.

Kaka yako